Dobi Asiyeandika

Siku Mpole alipomwona Daftari kwa mara ya kwanza, alikuwa ametumwa suti asiyoijua, katika duka lisilotoa risiti.

Wakati huo Mpole alikuwa na miaka ishirini na tatu. Alikuwa amemaliza darasa la saba akaishia hapo, na kazi yake ilikuwa kufagia na kuchota maji nyumbani kwa mwalimu mmoja. Mwalimu alimwambia, "Nenda kwa dobi kaniletee suti," akashika njia yake. Suti ya rangi gani, hakusema, na Mpole, kwa jinsi alivyozaliwa na haya, hakuuliza. Alipofika dukani alikuta watu wamejaa kwenye kaunta, akasimama nyuma. Aliyekuja baada yake akampita. Aliyekuja baada ya huyo naye akampita. Mpole akawa anasogea pembeni kuwapisha, mpaka akajikuta yuko nje kabisa, mguu mmoja barazani na mwingine ukingoni mwa mtaro.

"Wewe uliyesimama kama mwavuli wa kuazima!" sauti ikaita kutoka ndani. "Ingia. Suti ya mwalimu hii hapa."

Aliyeita alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, masharubu yamechongwa vizuri, mikono imechujuka kwa sabuni. Mpole alikuwa hajawahi kumwona mtu huyo, wala kumtajia jina la mtu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Umejuaje?"

"Hizo kandambili ulizovaa. Mwalimu alikuja nazo siku ya kuleta suti. Ya kushoto imefungwa kwa waya." Akaigeuza suti, ya kijivu, akaonyesha. "Kifungo cha pili kina uzi wa bluu, kakishona mwenyewe, kashona vibaya. Mfuko wa ndani ulikuwa na tundu, nimeliziba. Mwambie aache kupoteza chaki."

Watu wakacheka. Mpole naye akacheka, akiangalia chini.

"Hujui kusema," dobi akamwambia. "Kungoja unajua?"

"Naam."

"Basi pasi itakufaa. Pasi haitaki mtu wa maneno."

Miezi miwili baadaye mwalimu alihamishwa, Mpole akaenda kwa dobi, na tangu siku hiyo ikawa miaka ishirini na miwili anapiga pasi kwenye meza ile ile.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele kaunta, katikati mabomba matatu ya kuning'inizia nguo, nyuma meza ya pasi, na uani mapipa, mabeseni na kamba za kuanikia. Kila dobi wa mji ule alikuwa na namna yake ya kuzitambua nguo. Wako waliobandika karatasi kwa pini, wako walioandika namba kwa wino ndani ya kola. Huyu hakufanya chochote. Alikuwa anajua kuandika, ila aliona ni tusi. "Pini inatoboa, wino haufutiki," alizoea kusema, "na mtu mzima hapendi shati lake liwe na namba kama mfungwa. Nguo ina mwenyewe. Ukiiandika umesema humjui."

Kwa hiyo alijua. Nguo ikiletwa aliishika kola, akapitisha kidole kwenye pindo, akamtazama aliyeileta mara moja usoni, basi. Wiki tatu baadaye mtu yule akikanyaga tu baraza, nguo yake ilikuwa tayari juu ya kaunta. Kinyozi wa mlango wa pili, mtu wa utani na maneno mengi, ndiye aliyempa jina la Daftari. Alimjaribu mara nyingi: analeta shati yeye, kulichukua anamtuma shemeji yake, au anatuma mteja asiyejulikana mtaani. Hakuwahi kumpata hata mara moja. "Wewe ukifa," kinyozi alimwambia, "mtaa mzima utatembea uchi."

Mpole alimwita kaka, naye alimwita mdogo wangu, ingawa hawakuwa na damu moja. Mke wa Daftari, aliyeleta chakula cha mchana kila siku kwenye bakuli tatu zilizopangwa, Mpole alimwita shemeji. Alikuwa na raha pale. Mwenye haya huteswa na maswali, na kwa Daftari hapakuwa na swali. Mambo yote yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na huyo mtu alikuwa anatosha.

Kisha mwaka mmoja kichwa kile kikaanza kuvuja.

Ilianza na jasho. Daftari amesimama kwenye kaunta, mbali na pasi, asubuhi ya baridi, ghafla uso unamwiva na shati linamganda mgongoni. "Mpole, punguza hiyo pasi, unatuchoma!"

"Kaka, sijaiwasha."

"Basi umeiwasha jana ikazidi."

Mpole alinyamaza. Alikuwa fundi wa kunyamaza.

Baada ya jasho zikaja nguo. Daftari anaingia kati ya mabomba, anashika henga moja, anaiacha, anashika nyingine, anarudi kaunta mikono mitupu, anamwambia mteja nguo haijakauka. Nguo imekauka tangu juzi. Anampa dereva suruali ya mpishi. Anamwomba muuguzi aeleze sare yake ilivyo, na sare za wauguzi ziko kumi na moja, zote nyeupe. Tena cha kushangaza, na ndicho kilichomchanganya Mpole, mambo ya zamani yalikuwa palepale hayajasogea. Ukimtaja dereva aliyehama mji miaka kumi na tano nyuma, Daftari alikuambia shati lake lilikuwa na doa la grisi kwenye mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Ila lililoletwa jana, hakuna. Ni kama mtu mwenye ghala lililojaa, lakini mlango wa kuingizia umekwama.

Mteja akilalamika, Daftari alikuwa mkali. Zamani alikuwa mcheshi. Sasa alijibu watu kwa meno.

Siku ya koti ilikuwa Alhamisi.

Mama mmoja aliyeuza vitabu vya shule pale kona alikuwa amefiwa na mumewe miaka minane nyuma, akabaki na koti lake la kahawia. Halikuvaliwa na mtu. Kila baada ya miezi sita alilileta kufuliwa, analirudisha, analitundika nyuma ya mlango wa chumba chake. Alhamisi ile koti liko tayari. Mpole alikuwa ametoka kulipiga pasi saa mbili tu zilizopita, hata bitana yake, iliyokuwa na mistari ya njano. Akaingia karani wa bima, kaja kuchukua koti lake, la kahawia vilevile, alilolinunua mtumbani majuzi tu, hata yeye mwenyewe alikuwa hajalizoea.

Daftari akaingia kati ya mabomba. Akatoka na koti la marehemu.

Mpole alikuwa ameinua pasi. Aliiona bitana ya njano ikipita mbele ya macho yake. Alifungua mdomo. Maneno yalikuwa mawili tu, si hilo. Lakini katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kumwambia Daftari si hilo, kwa sababu haikuwahi kuwa si hilo. Akajiambia labda kaka anajua kitu ambacho mimi sijui. Labda yule mama kaliuza. Karani akakunja koti mkononi, akaaga, akaondoka. Mpole akaishusha pasi kwenye shati la mtu, na almanusura aliunguze.

Jumamosi yule mama akaja. Daftari akamletea koti la karani.

"Si lenyewe," mama akasema.

"Ndilo, mama."

"Baba, si lenyewe. Bitana yake ina mistari."

"Mama, mimi nimekushikia koti hili miaka minane. Mimi ndiye Daftari!"

"Na mimi ndiye mkewe."

Daftari akapiga kaunta kwa kiganja, akasema maneno ambayo hakuwahi kumwambia mteja, kwamba uzee umemwingia, kwamba akapime macho. Mama alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akangoja. Mpole hakuweza kuvumilia zaidi. Alitoka kupitia uani bila kusema neno, akaenda mpaka ofisini kwa karani, akaomba lile koti. Karani hakuwa mtu mbaya. Alilitoa hapohapo. Ila alikuwa amelikuta refu mikono, akadhani limelegea kwa kufuliwa, akalipeleka kwa fundi cherehani. Mikono ilikuwa imepunguzwa upana wa vidole vinne, na vipande vimekwisha kutupwa.

Mpole aliporudi nalo, mama aliliweka koti kaunta, akalinyoosha, akaushika mkono mmoja pale mshono mpya ulipoishia. "Alikuwa na mikono mirefu," alisema. Akalikunja akaondoka nalo, na hakuleta nguo pale tena.

Jioni ile Daftari aligeuza beseni akalikalia uani. Mpole alidhani atagombezwa kwa kutoka bila ruhusa. Daftari akasema tu, "Jumatatu unisindikize mahali. Nakuchukua wewe kwa sababu husemi."

Mahali penyewe palikuwa kliniki, ukumbi wenye mabenchi marefu na wanaume tupu, wengi wa umri wa Daftari, kila mmoja kashika kadi yake kifudifudi. Hapo ndipo Mpole alipojua. Daftari alikuwa na saratani ya tezi dume, mwezi wa tisa sasa, na kila miezi mitatu alichomwa sindano. Mkewe alijua. Zaidi ya hao hakuna aliyejua.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mwenye subira. Daftari hakumpa nafasi ya kusalimia.

"Daktari, nieleze kitu kimoja. Ugonjwa uko huku chini. Sindano mnanichoma kwenye makalio. Kwa nini kinachovuja ni kichwa?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Unasahau, mzee?"

"Nasahau ya jana. Ya mwaka juzi ninayo."

"Saratani hii chakula chake ni homoni ya kiume," daktari akasema. "Sindano inafunga bomba la homoni hiyo, ugonjwa unalala njaa. Tatizo ni kwamba ugonjwa haukuwa ukila peke yake. Mifupa nayo ilikuwa inakula kwenye sahani hiyohiyo, misuli, na ubongo pia. Hata hilo jasho lako linatoka huko."

"Ubongo unataka nini na mambo ya ndevu?"

"Ndani kabisa, usawa wa masikio, kila upande, kuna sehemu ndogo iliyojikunja. Ndiyo inayopokea mambo mapya na kuyapanga, kabla hayajahamia kwenye hifadhi ya zamani. Ile sehemu ina vipokezi vya homoni hii. Tuseme ni vitundu vya kufuli, na homoni ni mojawapo ya funguo. Na sehemu ya homoni hiyo inageuzwa hukohuko ubongoni, inakuwa homoni ya kike, nayo ina kazi yake katika kukumbuka."

"Yaani miaka yote hii nina mwanamke kichwani?" Daftari akamgeukia Mpole. "Shemeji yako alisema, nikabisha!"

Daktari alicheka, lakini hakuchukua muda akarudi kwenye maneno yake. Alisema hawezi kuapa kwamba sindano ndiyo sababu pekee. Wapo wanaochomwa miaka na hawapotezi hata jina la jirani, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Umri upo, usingizi mbovu upo, na hofu nayo inakula kumbukumbu. Tena mtu asidhani akijizidishia homoni atakuwa na akili kuliko wenzake, mambo hayaendi hivyo.

"Na bomba likifunguliwa?" Daftari akauliza.

"Homoni inarudi polepole. Miezi, kwa wengine mwaka na zaidi, wengine hairudi yote. Na ugonjwa unaamka. Wapo tunaowapumzisha, vipimo vikiruhusu, huku tunawaangalia. Vyako kwa sasa haviruhusu, mzee wangu. Usijaribu peke yako. Na ukisikia maumivu ya mgongo, usingoje tarehe, njoo siku hiyohiyo."

"Sasa mimi nifanye nini dukani?"

"Andika. Nunua daftari."

Mpole alijishika mdomo, akakohoa ili asicheke. Daftari hakucheka. Alichomwa sindano yake, na njia nzima ya kurudi hakusema kitu, isipokuwa mara moja tu, walipovuka barabara: "Niandike! Kama mtoto anayetumwa dukani."

Kikohozi kile kilimpa Mpole akili. Kusema hakuweza, lakini kukohoa ni nani anayekatazwa? Kesho yake Daftari aliposhika henga isiyo ya mteja, Mpole akakohoa. Daftari akasita, mkono ukahamia kwenye henga ya pili. Kikohozi. Ya tatu. Kimya. Akaichukua, akampa mteja, na kweli ilikuwa yake. Hawakuambiana neno kuhusu jambo hilo. Ikawa ndiyo kazi: Daftari anapita kwenye mabomba, Mpole yuko nyuma na pasi, anakohoa.

"Mpiga pasi wako ana kifua," kinyozi akasema. "Mpe asali."

"Ni mvuke," Daftari akajibu.

Ilikwenda vizuri wiki tano hivi, mpaka Mpole akapata mafua ya kweli. Siku hiyo mteja mmoja alitaka gauni. Daftari akashika la kwanza, kikohozi. La pili, kikohozi. Akapita bomba zima, kikohozi kila henga, akarudia bomba la pili, Mpole machozi yanamtoka, anatikisa kichwa kukataa na bado anakohoa. Mwishowe Daftari akatupa henga sakafuni.

"Unakohoa kwa sababu ya nguo au kwa sababu ya ugonjwa?"

Mteja hakuelewa. Kinyozi, aliyekuwa mlangoni, alielewa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakufanya utani. Aligeuka akarudi kwake.

Mpole akatafuta njia nyingine. Akaanza kufika mapema kabla ya Daftari. Alikuwa amenunua daftari dogo, analificha chini ya blanketi la meza ya pasi. Humo aliandika kila nguo iliyoingia, mwenyewe na siku ya kuichukua. Asubuhi anazipanga za siku hiyo mwanzo wa bomba la kwanza, zinazofanana anazitenganisha. Daftari akinyoosha mkono, nguo aliyoitaka ilikuwa ya kwanza au ya pili. Makosa yakapungua. Mpole aliona amefanya jambo jema, tena la siri, aina ya jema alilolipenda.

Kumbe amejichimbia shimo.

Tarehe ya kliniki ikafika. Mke wa Daftari akawasindikiza mpaka mlangoni, akamwambia Mpole, "Nakukabidhi kaka yako." Wakatembea mpaka njia panda. Kliniki kulia. Daftari akakata kushoto, akaenda kukaa kwenye benchi la posta, akakunja mikono.

"Leo sichomwi."

"Kaka…"

"Kaa."

Mpole akakaa. Watu walikuwa wanaingia na barua na kutoka.

"Hii sindano dawa yake inaisha mwilini," Daftari akasema. "Inaisha, na kichwa kinarudi. Hujaona? Wiki nne hizi sijakosea. Nikinyoosha mkono, nguo hiyo hapo. Bomba linafunguka lenyewe, mdogo wangu. Nikachome nyingine wanifunge tena?"

Mpole alitaka kusema si bomba, ni mimi. Alitaka kusema daktari kakuambia ni miezi, wewe umehesabu wiki. Alitaka kusema shemeji kanikabidhi. Yote yalimjaa mdomoni kama unga mkavu. Alichosema ni hiki: "Lakini ugonjwa, kaka."

"Ugonjwa siuoni. Ninachokiona ni hili." Akajigonga kipaji. "Bila hiki mimi ni nani? Mzee wa kuanua nguo za watu. Usimwambie shemeji yako. Nilikuchagua kwa sababu husemi."

Wakakaa pale saa mbili. Kisha wakarudi, na mkewe alipouliza imekuwaje, Daftari akasema, "Wamechoma kama kawaida," akajishika kalio kabisa na kukunja uso.

Baada ya hapo Mpole hakuwa na amani. Kila asubuhi alisimama mbele ya mabomba, daftari dogo mkononi, akijiambia leo sipangi. Asipopanga, Daftari ataona kichwa hakijarudi, atakwenda kuchomwa. Siku moja alithubutu. Mteja wa kwanza tu, fundi bomba, akapewa koti la mvua la mwanamke, na Daftari alipogundua uso wake ulikuwa wa kusikitisha mno, masharubu yanatetemeka, hata Mpole akajikuta anasema, "Mimi ndiye niliyezihamisha, kaka, nilikuwa nafagia." Kesho yake akapanga tena. Na Daftari akazidi kuchangamka. Alirudi kupiga miluzi. Alimwambia kinyozi alete shati amjaribu tena, kinyozi akasema siku hizi hana shati chafu.

Hasira za Mpole hazikuwa na pa kwenda. Alimkasirikia Daftari kwa ubishi, akamkasirikia daktari kwa kueleza vizuri mno, akamkasirikia mama wa vitabu kwa kuondoka bila ugomvi. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe. Mtu mzima mwenye watoto wanne, anajua neno la kuokoa mtu, na neno haliji. Nyumbani alilifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kabati. Mkewe alimkuta akamuuliza, "Unasali?" Akajibu ndiyo.

Miezi miwili ikapita, na wa tatu ukaanza. Adhuhuri moja Daftari aliinama kuinua beseni la nguo mbichi. Hakuinuka. Alibaki vilevile, mkono umeng'ang'ania bomba, jasho linadondoka, na safari hii halikuwa lile la ghafla.

"Kaka?"

"Mgongo tu. Nimelalia vibaya."

"Lini?"

"Tangu wiki ya jana. Acha maswali, wewe si mtu wa maswali."

Wateja watatu walikuwa kwenye kaunta, na kinyozi alikuwa amekuja kuazima kiti. Hapo hapo mke wa Daftari akaingia na bakuli zake tatu, akamwona mumewe alivyojishika, akamwinua taratibu na kumkalisha kwenye benchi. "Si dawa ya sindano bado iko mwilini? Labda ni hiyo sindano."

"Ndiyo hiyo," Daftari akasema haraka. "Ndiyo inayouma."

Mpole aliiweka pasi kwenye kisimamio chake. Alisikia sauti, akashangaa kuwa ni yake, tena kubwa kuliko alivyotaka, kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Shemeji, hajachomwa. Tulikaa posta."

"Nani amekaa posta?" mke akauliza.

"Sisi. Siku ya kliniki. Kaka alisema kichwa kimerudi, hataki sindano. Kichwa hakijarudi, shemeji. Nguo nazipanga mimi." Akalivuta daftari dogo kutoka chini ya blanketi, akaliweka kaunta mbele ya wateja, kwa sababu alijua akiacha nafasi ya kupumua hataongea tena. "Kila asubuhi nazipanga. Daktari alisema mgongo ukiuma aende siku hiyohiyo. Mgongo unauma wiki nzima."

Mteja mmoja alianza kufungua daftari. Kinyozi akamshika mkono. Mke wa Daftari aliweka bakuli chini, akasema kwa utulivu wa kutisha, "Vaa viatu, baba. Twende."

Walikwenda. Ugonjwa ulikuwa umeamka na kugusa mfupa mmoja wa mgongo, lakini ulikuwa haujafika mbali. Walimrudisha kwenye sindano na kumwongezea dawa ya vidonge. Huu ni mwaka wa nne, na Daftari yuko hai. Anakaa kwenye kibaraza cha nyumba yake, amenenepa kidogo, anasahau kama amekunywa chai, anamsalimia kila apitaye na kumkumbusha nguo aliyovaa mwaka gani. Dukani hajakanyaga tena. Mpole ndiye mwenye kaunta sasa. Anaandika kila kitu, anatoa risiti, na wateja ni wale wale. Mara tatu alikwenda kumwona. Mara zote shemeji alitoka akasema, "Amelala," huku miluzi inasikika kutoka ndani. Kinyozi alijaribu kuwapatanisha akashindwa, na Mpole hakujua amlaumu nani.

Kwa hiyo maneno ya mwisho aliyoambiwa na Daftari ni yale ya adhuhuri ile. Daftari alikuwa amekwisha kuvaa viatu, mkewe kamshika kiwiko, wateja wamempisha njia. Alipofika mbele ya meza ya pasi alisimama, akamwangalia Mpole kama alivyokuwa akiwaangalia watu zamani, mara moja tu, usoni.

"Miaka ishirini na miwili umefunga mdomo," alisema. "Ukaona leo ndiyo siku?"